Haidrojeni iliyogandishwa inatoa joto yenyewe siku nzima nzima, joto hilo linatoka wapi?

nyota_ya_jioni

Habari za saa hizi wakuu. Nina swali linanisumbua na naona humu kuna watu wa fizikia ya baridi kali, naomba mnisaidie. Haidrojeni inaganda karibu na kelvini 14, yaani kama nyuzi 259 chini ya sifuri kwa Selsiasi, hapo sina shida kabisa. Shida inaanzia kwenye kitu nilichosoma, kwamba ukishaigandisha ukaiacha ndani ya kriostati (chombo cha kutunzia vitu kwenye baridi kali), hata uzuie joto la nje lisiingie hata chembe, barafu yenyewe inaendelea kutoa joto siku na siku. Sasa humo hakuna oksijeni ya kuunguza kitu, hakuna mionzi, hakuna chochote ni haidrojeni tupu. Hilo joto linatoka wapi jamani?

Alafu la pili, wanasema molekuli zinaendelea kuzunguka humo humo ndani ya barafu. Mi nilifundishwa kwamba kigumu ni kigumu, molekuli zimebanwa kila moja mahali pake, na ukikaribia sifuri halisi kila kitu kinatulia. Naomba maelezo yasiyoruka hatua, hesabu kidogo naweza.

chuma_na_barafu

Hilo si ndo lile joto fiche la kuganda? Kila kimiminika kikigeuka kigumu kinatoa joto, hata maji. Itakuwa inaganda taratibu ndo maana inachukua siku nyingi.

Mzee wa Maabara

Hapana chuma, si hilo. Joto fiche la kuganda linatoka wakati wa kuganda, likiisha limeisha, na kwa haidrojeni ni dogo, kama kilojuli 58 kwa kilo. Joto analouliza nyota linatoka BAADA ya kila kitu kuwa kigumu, na likikusanywa lote hadi mwisho linafika kama kilojuli 527 kwa kilo, karibu mara 9 ya lile la kuganda. Ni jambo jingine kabisa na lina utamu wake, nipeni nafasi nilieleze kwa utaratibu.

Molekuli ya haidrojeni ina protoni mbili. Kila protoni ina spini ya nusu (spini ni tabia ya kikwantamu inayoifanya protoni iwe kama sumaku ndogo yenye mwelekeo), na spini mbili za namna hiyo zikiwa pamoja zina hali 4 zinazowezekana. Tatu kati ya hizo ni za spini zinazoelekea upande mmoja, hiyo tunaita orto. Moja ni ya spini zinazopingana zikafutana, hiyo ni para. Ndo maana haidrojeni ya kawaida kwenye jotoridi la chumba ni robo tatu orto na robo moja para, ni hesabu ya 3 kwa 1 tu.

Sasa sikiliza hapa maana ndo moyo wa jambo lote. Protoni ni fermioni (kundi la chembe zinazofuata kanuni nitakayoitaja sasa hivi), na zile mbili hazitofautiani kwa chochote. Kanuni ya kwantamu inadai ukizibadilishana nafasi, wimbi zima la molekuli ligeuze alama, chanya iwe hasi. Kuna vitu viwili vinavyochangia hiyo alama, spini za viini na mzunguko wa molekuli. Kwa hiyo haviko huru kila kimoja kufanya kinachotaka: ukiita J namba ya ngazi ya mzunguko, molekuli ya para inaruhusiwa hali za mzunguko zenye J shufwa peke yake (0, 2, 4 na kuendelea) na ya orto inaruhusiwa J witiri peke yake (1, 3, 5).

Umeona kinachotokea? Orto haina sifuri! Uipoze hadi wapi, itashuka mpaka J=1 na hapo itakwama, na J=1 ipo juu ya J=0 kwa nishati inayolingana na kelvini 170 hivi. Yaani una barafu ipo kelvini 4, unaishika kwenye kriostati unaona imepoa haswa, kumbe robo tatu ya molekuli zake kila moja imebeba akiba ya kelvini 170 ambayo kipimajoto chako hakiioni. Akiba hiyo inatoka pale tu orto inapogeuka para. Ndo joto lako hilo nyota.

Na watu walifika hapo kwa kufuata fumbo la joto mahususi la gesi ya haidrojeni, ambalo vipimo vyake kwenye baridi havikukubaliana na hesabu. Heisenberg alionyesha mwaka 1927 kwamba lazima ziwepo haidrojeni za namna mbili, Dennison mwaka huo huo akafanya hesabu ya joto mahususi ikakubali kwa kuzichukulia kama mchanganyiko wa gesi mbili zisizogeukana, halafu mwaka 1929 Bonhoeffer na Harteck wakaipata para karibu tupu kwa kuipitisha haidrojeni kwenye mkaa uliopozwa.

nyota_ya_jioni

Shikamoo Mzee, asante sana, hii imefungua macho. Ila sasa kama kwenye baridi J=0 ndo ya chini kabisa na orto ipo kelvini 170 juu yake, kwa nini isiteremke mara moja? Kwa nini ichukue siku? Atomu ikiwa na elektroni juu inashuka ndani ya nukta ya sekunde, hii nayo inangoja nini?

spini_nusu

Naomba nilijibu hili maana ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ili orto iwe para lazima spini ya protoni moja igeuke ukilinganisha na ya mwenzake ndani ya molekuli hiyo hiyo. Kitu pekee kinachoshika spini ya kiini ni usumaku. Lakini ukileta sumaku kubwa ya maabara hata iwe na nguvu kiasi gani haisaidii kitu, kwa sababu protoni mbili zipo umbali wa nanomita 0.074 tu na uga wa sumaku ya maabara unazishika zote mbili sawasawa, zinageuka pamoja na bado ni orto. Unahitaji uga unaotofautiana ndani ya umbali mdogo namna hiyo, na kitu kinachoweza kutoa uga wa hivyo ni sumaku ndogo iliyo jirani kabisa, ya ukubwa wa molekuli.

Ndani ya barafu ya haidrojeni jirani mwenye usumaku ni nani? Ni orto mwingine. Para spini zake zimefutana, hana cha kumsaidia mwenzake. Kwa hiyo inatakiwa orto wawili wakae jirani ndo mmoja ageuke, na hapo kasi inafuata mraba wa kiasi cha orto kilichobaki, sio kiasi chenyewe. Namba iliyopimwa ni kama asilimia 1.9 kwa saa. Ukiandika hesabu yake, x ikiwa sehemu ya orto na t ni saa, unapata x = 0.75 / (1 + 0.019 × 0.75 × t).

Weka namba uone inavyokwenda. Nusu ya kwanza ya orto inaisha baada ya saa 70 hivi, siku tatu. Lakini nusu ya kile kilichobaki inachukua saa 140, inayofuata 280, kila hatua inakuwa ndefu mara mbili maana orto wanazidi kuwa mbalimbali na kukosa majirani. Baada ya wiki bado una asilimia 22 ya orto, baada ya siku 30 bado kama asilimia 7. Hii si kama mionzi ambapo nusu-uhai haubadiliki, hapa mkia unaburuzika.

Na joto lenyewe mwanzoni ni kama miliwati 2 kwa kila gramu. Ukiisikia unaona ni kitu kidogo ila mtu anayetaka kushuka chini ya kelvini moja anajua ni adhabu, mashine nyingi za kupoza kule chini kabisa nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya miliwati moja. Ndo maana wanaotafiti hali za chini sana za orto wanapambana na sampuli inayojipasha moto muda wote wa jaribio.

chuma_na_barafu

Na hapo kwenye mkaa? Mzee kasema Bonhoeffer na Harteck waliipitisha kwenye mkaa ikageuka, mbona wao hawakungoja mwezi?

spini_nusu

Kwa sababu juu ya uso wa mkaa molekuli inakutana na sumaku za aina nyingine, za elektroni zisizo na mwenza, na usumaku wa elektroni ni mara mamia ya ule wa protoni. Siku hizi wanatumia oksidi ya chuma, gesi au kimiminika kinapita juu yake karibu na kelvini 20 kinatoka kikiwa para asilimia 99.8 hivi, ukishuka hadi kelvini 15 unabaki na orto sehemu mia moja tu katika milioni. Alafu ukiondoa kichocheo inakaa hivyo hivyo. Hata ukiipasha ikawa gesi tena ya jotoridi la chumba, ndani ya chupa safi isiyo na kichocheo itabaki para kwa siku nyingi sana ingawa pale kwenye chumba ilitakiwa iwe robo tu. Haina njia ya kurudi.

Mzee wa Maabara

Nongeze hapo kwamba hili si suala la maabara pekee. Haidrojeni kimiminika inachukua kama kilojuli 446 kwa kilo kugeuka mvuke. Sasa linganisha na ile 527 niliyotaja juu. Ukijaza tangi haidrojeni kimiminika ambayo bado ni ya 3 kwa 1, hata tangi liwe halipitishi joto kabisa, mgeuko wa ndani peke yake una joto la kutosha kuchemsha sehemu kubwa ya mali yako ndani ya siku chache. Ndo maana viwanda vya kugeuza haidrojeni kuwa kimiminika vinaigeuza kuwa para kwa kichocheo kwenye njia ya kupoza, kabla haijaingia kwenye tangi. Mtu asipojua spini za protoni atalaumu ukuta wa tangi lake bure.

Bi Kwantamu

Wenzangu mmelijibu swali la kwanza vizuri, ila la pili la nyota limeachwa nyuma na kwangu mimi ndo kubwa zaidi, kwa hiyo nilichukue.

Nyota, umefundishwa kwamba ndani ya kigumu molekuli haizunguki kwa sababu majirani wanaibana. Kwa vigumu vingi ni kweli. Ila ili jirani akubane inatakiwa nguvu anayokubana nayo, ile inayotegemea umeelekea wapi, iwe kubwa kuliko nafasi kati ya ngazi zako za mzunguko. Haidrojeni ni nyepesi kuliko zote na ni fupi, kwa hiyo ngazi zake zimeachana sana, ndo hiyo kelvini 170 ya Mzee, wakati ubanaji wa majirani unaotegemea mwelekeo ni wa kelvini chache tu. Majirani hawana ubavu. J inabaki kuwa namba halali hata ndani ya barafu, Pauling aliliandika hilo mwaka 1930, na ukipiga mwanga ukapima mistari ya mzunguko unaikuta karibu pale pale ilipokuwa kwenye gesi.

Lakini naomba usiione akilini kama pia inayozunguka kwa kasi. Molekuli ya para iko J=0, na J=0 maana yake haina mzunguko wowote, ila pia haina mwelekeo. Mhimili wake umetawanyika pande zote sawasawa. Ukiiangalia kwa nje ni mpira. Barafu ya para ni rundo la mipira iliyopangwa kwa umbo la heksagoni lililosongamana, tabia zake nyingi zinafanana na za barafu ya gesi adimu kuliko za barafu ya molekuli ndefu.

Orto ndo ina umbo. J=1 ina wimbi lenye mwelekeo, na molekuli hiyo ina kwadrupoli ya umeme, yaani chaji yake haijasambaa kama ya mpira. Kwadrupoli mbili jirani zinapenda kukaa kama herufi T, moja imesimama moja imelala. Sasa jaribu kuzipanga zote kwenye fuwele ili kila moja iwe T na majirani zake wote 12, haiwezekani, lazima wengine waudhike. Suluhisho ambalo maumbile yanachagua ni kwamba fuwele nzima inabadili mpangilio kutoka heksagoni kwenda ule wa kyubu, na molekuli zinagawanyika makundi manne kila kundi likifuata ulalo wake wa kyubu. Kwa orto tupu hilo linatokea karibu na kelvini 2.8, kwa haidrojeni ya kawaida ya robo tatu ni kama 1.6.

Na hapa ndo pazuri, unganisha na hesabu ya spini_nusu. Orto inapungua yenyewe kila saa. Ikishuka chini ya asilimia 55 hivi ule mpangilio hauwezekani tena hata upoze vipi, maana orto wengi wamekosa wenzao wa kupangana nao. Kinachotokea kule chini ni kila molekuli kuganda na mwelekeo wake, bila utaratibu, kioo cha mielekeo. Kwa hiyo fuwele moja ile ile ukiipoza leo inajipanga, ukiipoza tena baada ya siku mbili tatu haijipangi, na hujaigusa.

nyota_ya_jioni

Bi, hapo kwenye umbo la para nimeelewa vizuri sana. Ila la kutulia kwenye sifuri halisi je? Na kama molekuli haina nguvu ya kubana wenzake kwa nini basi inaganda, mbona heliamu haigandi?

Bi Kwantamu

Haitulii. Kanuni ya Heisenberg ya kutokuwa na uhakika inakataza, ukiifungia molekuli nyepesi kwenye nafasi ndogo lazima iwe na mwendo, na mwendo huo hauondoki hata sifuri halisi. Kila kigumu kinao ila kwenye chuma au chumvi ni mdogo huwezi kuuhisi. Kwenye haidrojeni kila molekuli inayumba kwa kiasi cha kama asilimia 18 ya umbali kati yake na jirani. Kwa vigumu vya kawaida yumbo likifika kama asilimia 10 kinayeyuka! Haidrojeni inaishi juu ya mpaka huo na bado ni fuwele safi, angavu, inayopitisha sauti. Mwendo huo umeitanua hata fuwele yenyewe: nguvu kati ya molekuli mbili zingependa zikae nanomita 0.34 hivi, ila kwenye barafu zimeachana nanomita 0.38. Ndo maana ni kigumu chepesi ajabu, gramu 0.09 hivi kwa sentimita ya ujazo, mara kumi chini ya barafu ya maji.

Kuhusu heliamu, ni mashindano kati ya mvuto na huo mwendo. Atomu ya heliamu ina uzito mara mbili ya molekuli ya haidrojeni, kwa hiyo ungetegemea heliamu ndo itulie kwanza. Ila mvuto kati ya molekuli za haidrojeni ni kama mara tatu ya ule wa atomu za heliamu, na hiyo inashinda. Heliamu kwa presha ya kawaida inabaki kimiminika hadi sifuri halisi, inataka kama angahewa 25 ndo igande.

Na mvuto huo huo ndo umetunyima kitu ambacho wengi tungependa kukiona. Ginzburg na Sobyanin walikadiria mwaka 1972 kwamba haidrojeni ya para ingekuwa kimiminika kisicho na msuguano karibu na kelvini 6, ila haifiki, inaganda kwenye 13.8 ikiwa njiani. Dalili zimeonekana mwaka 2000 kwenye vikundi vya molekuli 14 hadi 16 tu, ndani ya matone ya heliamu kwenye kelvini 0.15, kazi ya kundi la utafiti la Toennies. Rundo dogo namna hiyo haligandi kirahisi. Mimi naamini kuna mengi bado hapo.

chuma_na_barafu

Nashukuru sana, hii mada imenivuta. Swali langu la mwisho, mtu anaishika kwa mkono gani hiyo barafu, na wanaitumia wapi hasa?

Mzee wa Maabara

Kuitengeneza mbinu ya kwanza ni ya James Dewar, London mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya kuigeuza kimiminika. Alivuta mvuke juu ya kimiminika kwa pampu, kimiminika kinachemka kwa presha ndogo kinapoa, ukifika kama kilopaskali 7 kinaganda. Wapo waliotegemea itoke na mng'ao wa metali, ikatoka barafu angavu na povu juu. Hiyo ya metali ni habari ya presha kubwa mno, Wigner na Huntington waliihesabu mwaka 1935 wakapata gigapaskali 25, leo tunajua inahitaji zaidi ya 400, inataka uzi wake peke yake.

Matumizi. La kwanza ni kuchunguza molekuli nyingine: unapuliza haidrojeni ya para pamoja na kiasi kidogo sana cha molekuli unayoitaka juu ya kioo kilichopozwa, inanaswa ndani ya barafu, na kwa kuwa majirani zake wote ni mipira isiyo na mwelekeo wala usumaku haisumbuliwi, mistari yake ya mwanga inatoka myembamba sana. Humo pia atomu ya haidrojeni iliyo peke yake inatembea kwenye kelvini 4 kwa kupenya kizuizi kikwantamu, inashika atomu moja ya molekuli jirani na kuiachia nyingine upande wa pili, na ukiweka atomu ya deuteri (haidrojeni nzito, yenye nyutroni moja kwenye kiini) inaingia kwenye molekuli na kuiacha haidrojeni. Kikemia kwa baridi hiyo hakuna kinachotakiwa kutokea na kinatokea.

La pili ni muungano wa viini. Vidonge vya deuteri iliyogandishwa vinarushwa ndani ya tokamaki (mashine inayoshikilia gesi ya moto sana, yaani plazma, kwa sumaku) kuipa plazma mafuta. Na kule National Ignition Facility Marekani, kituo cha leza cha majaribio ya muungano wa viini, kapsuli iliyotoa megajuli 3.15 kwa leza ya 2.05 tarehe 5 Desemba 2022 ilikuwa na tabaka la barafu ya deuteri na triti (haidrojeni yenye nyutroni mbili) ndani yake. Tabaka hilo linajilainisha lenyewe: triti ina mionzi, penye barafu nene panapata joto zaidi, panatoa mvuke, mvuke unaganda penye wembamba.

nyota_ya_jioni

Umetaja deuteri Mzee. Nayo inajipasha moto kama haidrojeni?

spini_nusu

Inajipasha ila kwa unyonge. Kiini cha deuteri ni bosoni (kundi ambalo ukizibadilishana nafasi wimbi haligeuzi alama) chenye spini 1, kwa hiyo sheria inageuka: hapo orto ndo yenye J shufwa na ndo theluthi mbili kwenye jotoridi la chumba, para ndo inayokwama J=1. Kwa kuwa molekuli ni nzito mara mbili ngazi yake ni kelvini 86 hivi badala ya 170, na usumaku wa kiini ni mdogo kwa hiyo mgeuko ndani ya barafu ni polepole kupita kiasi, kama asilimia 0.06 kwa saa. Unaweza kufanya jaribio la wiki nzima na mchanganyiko wako usibadilike sana. HD, yaani molekuli ya haidrojeni moja na deuteri moja, ndo haina shida kabisa, viini viwili ni tofauti, hakuna sharti la kubadilishana, ikipoa inashuka J=0 moja kwa moja.